Mlango Nilioufunga kwa Sababu ya Paka

Mimba yangu ya kwanza iliharibika ikiwa ya miezi mitano, tukiwa tumepanga chumba kimoja Majengo, Thika. Aliyekuwa nami siku hiyo hakuwa mume wangu wala mama yangu. Mume wangu alikuwa kazini, karani katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, na mama yangu alikuwa kwetu Vihiga, safari ya siku nzima. Aliyenifunga leso kiunoni, akanishika mkono hadi hospitalini na kukaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka jua likazama alikuwa Bibi, jirani wa mlango wa pili.

Wapangaji wote wa ploti walimwita hivyo. Alikuwa mjane wa Kiislamu aliyezaliwa hapo hapo Thika, baba yake mtu wa kaskazini, mama yake Mkikuyu wa Gatundu. Aliuza mahamri asubuhi mlangoni pake, na baada ya saa nne alikuwa amemaliza, akaoga, akatandika mkeka, akakaa na paka wake. Walikuwa watatu: wawili weusi ambao sikuwahi kujua kuwatofautisha, na mmoja wa kijivu, jike, mwenye sikio lililochanika.

Niliporuhusiwa kutoka hospitalini hakunirudisha kwangu. Alinilaza kwenye kitanda chake, yeye akalala chini, na kwa siku tisa akanipikia uji wa wimbi na supu ya kuku. Mume wangu alikuja kila jioni akakaa mlangoni kama mgeni. Maziwa yalikuja siku ya tatu ingawa hapakuwa na wa kunyonya, na Bibi akanifunga kifua kwa kitambaa bila kuniuliza chochote, kama mtu anayefunga mzigo wake mwenyewe.

Siku hizo ndizo yule paka wa kijivu alipoanza kunijia. Alipanda kitandani, akazunguka mara mbili, akalala ameubana mgongo wake kwenye tumbo langu, pale pale palipokuwa patupu. Alinguruma polepole, na joto lake lilipita kwenye blanketi. Hapo ndipo nilipopata usingizi. Nilikuwa sijalala tangu hospitalini.

Nikarudi kazini. Nilikuwa nafanya katika kiwanda cha kufunga matunda kwenye mikebe, kwenye meza ya kuchagua vipande vya mananasi, na maji yake yalinila ngozi ya vidole hadi ikapasuka. Zamu ikiisha saa kumi nilikuwa sipiti kwangu kwanza. Niliingia kwa Bibi bila hodi, nikavua viatu, nikakaa mkekani. Alinipaka mafuta ya nazi vidoleni. Paka alipanda mapajani. Tuliongea habari za ndugu zake, za wateja wake, za jinsi Thika ilivyokuwa alipokuwa msichana, na wakati mwingine hatukuongea kabisa. Nikiulizwa leo ni lini katika maisha yangu nilikaa raha mustarehe, nitasema ni zile jioni, ingawa nilikuwa na majonzi.

Mwaka mmoja na kitu baadaye nikashika mimba tena. Nilimwambia Bibi kabla ya kumwambia mume wangu. Aliweka kiganja chake tumboni mwangu, akasoma kitu kwa sauti ndogo, kisha akaniambia nisimwambie mtu mwingine yeyote mpaka mwezi wa nne.

Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza nilikuta foleni imefika hadi nje. Aliyekaa karibu nami alikuwa mwalimu, mwenye tumbo kubwa kuliko langu, anasoma gazeti la akina mama lililotoka ng'ambo. Tukaanza kuzungumza. Nilipomwambia kwamba nilipoteza wa kwanza, alinitazama kwa huruma, akafungua ukurasa, akanisomea akitafsiri. Kulikuwa na ugonjwa, jina lake refu, unaotoka kwenye kinyesi cha paka. Mwenye mimba akiupata, mtoto anaweza kufa tumboni, au azaliwe na macho yasiyoona, au kichwa kilichojaa maji. Aliniuliza kama nina paka nyumbani. Nikasema sina. Kisha nikasema jirani anao.

Nilimwomba aniandikie jina la ule ugonjwa nyuma ya kadi yangu ya kliniki. Nilipofika kwa nesi nilimwonyesha. Alikuwa na watu hamsini wa kuona. Aliangalia haraka, akasema, "Paka si wazuri kwa mama mjamzito. Kaa nao mbali tu," akapima tumbo na kuita anayefuata.

Nilitembea kutoka kliniki hadi Majengo nikirudi nyuma kichwani. Mimba ya kwanza, mwezi wa pili, nilimbeba yule wa kijivu akiwa mgonjwa. Mwezi wa tatu nilimsaidia Bibi kufagia nyuma ya choo, mahali ambapo paka walikuwa wakifukua. Mwezi wa nne nilikula mahamri kwa mkono uliotoka kumpapasa paka. Kila nilichokumbuka kiligeuka kuwa ushahidi. Nilipofika kwenye lango la ploti nilikuwa nimeshaamua kilichomuua mtoto wangu, na kilikuwa kwenye mkeka wa mtu niliyempenda kuliko wote mji ule.

Nilipita mlango wa Bibi nikasema nimechoka, nimeambiwa nilale. Kesho yake nikasema kichwa kinaniuma. Siku ya tatu nilibadilisha njia, nikawa nazungukia upande wa mabafu ili nisipite kwake. Nilifunga mlango hata mchana, na chini yake nikasukumia gunia, kwa sababu yule wa kijivu alizoea kuingia. Alikuja akakwaruza. Nilikaa kitandani nimekunja magoti, namsikiliza akikwaruza, sithubutu hata kumfukuza, kana kwamba ugonjwa ungepita kwenye sauti yangu.

Asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki na mafuta ya moto kutoka kwa Bibi. Nilikuwa na njaa ya mimba, ile isiyosikia maelezo. Nilikunywa chai ya rangi na mkate mkavu nikajiambia ni kwa ajili ya mtoto.

Iliendelea hivyo wiki mbili. Jumapili moja, mume wangu akiwa kanisani, Bibi alipiga hodi. Mwaka mzima hakuwahi kupiga hodi kwangu. Nilifungua nusu ya mlango. Alikuwa peke yake, amejifunga buibui kama anakwenda mahali.

"Mwanangu, kama nimekukosea niambie," alisema. "Mimi ni mtu mzima, naweza kusikia."

Nilikuwa nimejiandaa kusema nimechoka. Badala yake nikasema, "Ni paka wako, Bibi. Wameniambia hospitalini. Paka wako ndio walioniulia mtoto."

Sikuambiwa hivyo hospitalini. Niliambiwa nikae mbali nao. Lakini ndivyo maneno yalivyotoka, na yalipotoka sikuweza kuyarudisha.

Bibi hakukasirika. Alishika fremu ya mlango. Aliniambia kwamba alizaa watoto saba akazika wawili, na paka alikuwa nao siku zote hizo, ila yeye hakusoma na hawezi kubishana na daktari. Kisha akasema, polepole, "Lakini yule mtoto nilimlilia na mimi." Akageuka akaenda kwake.

Nilipaswa kumfuata. Ni hatua kumi na mbili. Nilizipita mara elfu. Nilifunga mlango, nikarudisha gunia mahali pake.

Usiku huo nilimwambia mume wangu tuhame. Alikuwa akitaka kuhamia Ruiru tangu zamani ili awe karibu na kazi, kwa hiyo hakuuliza sana. Wiki tatu baadaye tulipata vyumba viwili karibu na stesheni ya reli, na mimi nikaacha kazi ya kiwanda. Siku ya kuhama, pikapu ikiwa imeshajaa, Bibi alitoka na mahamri yaliyofungwa kwenye gazeti, bado ya moto. Alimpa mume wangu mkononi, si mimi. Alitutakia heri. Nilisema asante nikiangalia chini.

Tulipofika njiani nilimwambia dereva wa pikapu ayachukue. Mume wangu alinitazama. "Hata moja hutaki?" aliuliza. Nilitikisa kichwa. Dereva alikula yote mpaka Ruiru akiyasifia.

Ruiru ya wakati huo ilikuwa bado na nafasi, kahawa ikianza pale nyumba zinapoishia. Ploti yetu ilijaa wasichana wa viwandani walioondoka kabla ya jua na kurudi na usingizi. Walikuwa watu wazuri. Walisema "sasa" wakipita, mimi nikasema "poa," na hapo mazungumzo yakaisha. Kutwa nzima nilikuwa na sauti yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekimbia paka watatu, na Ruiru nikakuta paka wasio na hesabu. Walitembea juu ya mabati, walizaa kwenye stoo ya makaa, walilala juu ya matanki. Nilisugua sakafu kwa dawa mpaka macho yakawasha. Sukuma wiki niliiosha kwa maji ya chumvi mara tatu, nikaichemsha hadi ikawa kama uji. Nyama niliipika ikawa kamba. Mume wangu alikuwa amelima kijishamba kidogo nyuma ya nyumba, kunde na dania, na mimi sikukanyaga huko kwa sababu yule mwalimu niliyekutana naye kliniki alisema hata udongo una ugonjwa. Nguo zikianguka kutoka kwenye kamba nilizifua upya. Mume wangu alivumilia, kisha siku moja akaweka kijiko chini na kusema, kwa upole lakini amechoka, kwamba mtoto huyu atazaliwa akiogopa dunia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimtaka Bibi. Kila nilipoogopa, mtu niliyemkimbilia kichwani ni yeye. Mtoto alipocheza mara ya kwanza niligeuka upande wa mlango kumwita. Saa kumi jioni ilikuwa mbaya kuliko saa zote. Mwili ulikuwa umezoea kuvua viatu saa hiyo, kukaa chini, kunyoosha vidole vipakwe mafuta. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikatazama ukuta, mikono mapajani. Vidole vilikuwa vimepona kwa kuwa sikushika mananasi tena. Ningefurahi kama vingepasuka.

Mwezi wa saba, siku moja, mtoto alinyamaza. Asubuhi hakucheza, mchana hakucheza. Nilikunywa maji ya sukari, nikalala upande wa kushoto, nikamgonga kwa kidole. Kimya. Mmoja wa wale wasichana, aliyekuwa zamu ya usiku, aliniona nikilia kwenye kamba ya nguo, akavaa viatu akanipeleka hospitali ndogo ya misheni.

Daktari alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, mtulivu. Aliweka kile kifaa chake cha kusikilizia tumboni, akakisogeza huku na huku, halafu akanipa nisikilize mwenyewe. Ulikuwa moyo unaokimbia kama mtoto anayeshuka mlima. "Alikuwa amelala," alisema. "Sasa wewe niambie unaogopa nini."

Nikamwambia yote. Nilimtolea kadi yenye jina refu nyuma. Alisoma, akavuta kiti karibu. Aliniambia ugonjwa huo upo kweli na si wa kudharauliwa. Akanieleza kwamba kumbeba paka si kitu. Hatari iko kwenye kinyesi kilichokaa siku moja au zaidi, kwenye udongo usiponawa baada ya kuushika, kwenye nyama isiyoiva. Mwenye mimba anaweza kukaa na paka ikiwa mtu mwingine anasafisha uchafu wake na yeye ananawa mikono. Halafu akanitoa damu, akasema itapelekwa Nairobi kupimwa, nirudi baada ya wiki mbili.

Nilirudi na mume wangu. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake.

"Ulikulia wapi?" aliniuliza.

"Vihiga."

"Mlikuwa mnalima?"

Nikacheka kidogo. Nilimwambia tulizaliwa shambani, tulikula viazi vitamu na udongo wake, na paka walikuwa wa kila nyumba, wakila panya wa mahindi.

"Basi uliupata huko, ukiwa mtoto, na pengine hukujua hata kama unaumwa. Damu inaonyesha ni wa zamani. Mwili wako unaujua tayari, na huo ndio unaomkinga huyu mtoto."

Nilimuuliza kuhusu wa kwanza. Alisema hawezi kujua kilichomtoa, na kwamba mara nyingi hakuna anayejua, lakini kwa anachokiona kwenye ile karatasi hana sababu ya kuwashtaki wale paka. Alisema hivyo hivyo, kuwashtaki. Mume wangu alinishika bega. Nililia, na daktari nadhani alifikiri ni furaha.

Nilitaka kwenda Thika siku ile ile, lakini presha ilikuwa imepanda na nikaamriwa nipumzike hadi nijifungue. Nikamtuma mume wangu. Nilimfundisha maneno kama mtoto anayetumwa dukani: mwambie daktari amesema si paka, mwambie nilikosea, mwambie nitakuja.

Alirudi jioni na mfuko wa unga wa wimbi. Alikuwa amekaa kwa Bibi saa moja. Alisema Bibi amesikia yote, ameshukuru Mungu, amesema nisijisumbue nikiwa mzito. Kisha mume wangu akavua kofia akaiweka kwenye goti.

"Lakini paka hawako," alisema. "Aliwapeleka kwa mpwa wake Murera."

Nikamuuliza lini. Alisema ni kesho yake, baada ya ile Jumapili. Nilipiga hesabu. Tulikuwa tumekaa Majengo wiki tatu baada ya Jumapili hiyo. Kwa wiki tatu nzima mkeka wake haukuwa na paka, mlango wake ukiwa wazi kama kawaida, akinisubiri niingie. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia. Sikuwahi kujiuliza mbona hakuna anayekwaruza tena.

Msichana wetu alizaliwa mzima, mwenye macho makubwa yanayofuata mwanga. Nilimwangalia macho hayo kwa siku kadhaa, nikisogeza kidole huku na huku, hata baada ya kuambiwa hana tatizo. Alipotimiza miezi mitatu nilimfunga mgongoni nikaenda Thika.

Bibi alikuwa mlangoni, anakung'uta unga kwenye vazi. Alituona, akainuka, akampokea mtoto kabla hajanisalimu. Alimkagua kama wanavyokagua bibi wote, vidole vya miguu, kichwa, nyuma ya masikio. Alifurahi, hilo sina shaka nalo. Lakini mimi alinivutia kiti. Kulikuwa na kiti kimoja pale ndani, cha wageni, na sikuwahi kukikalia. Akanitengea chai kwenye sinia, na sukari kando ili nijiwekee mwenyewe, yeye aliyejua tangu zamani kwamba natumia vijiko viwili.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache. Nilisema, "Bibi, nilikuumiza, na hukuwa na kosa."

"Ulikuwa na hofu," alisema. "Hofu nimeiona nyingi. Yameisha, mwanangu."

Nikamwambia awarudishe paka wake. Akatabasamu, akambadilisha mtoto bega. "Wamezoea kwingine," alisema.

Nilimwendea mara nyingine tatu au nne mwaka ule. Kila mara alinipokea vizuri. Kila mara nilipiga hodi, kwa sababu sikuweza tena kuingia bila kupiga, na yeye hakuniambia niache. Kisha nikapata kibarua Ruiru, mtoto akapata surua, mimba ya tatu ikaja ikafuatwa na ya nne, na Thika, iliyo karibu hivyo, ikawa mbali. Nilijiambia nitakwenda Idi. Idi ilipita. Nilijiambia nitakwenda watoto wakifunga shule.

Nilipokwenda, msichana wangu alikuwa anakaribia kuanza darasa la kwanza. Nilikuwa nimemnunulia Bibi leso na mafuta ya nazi. Chumba chake kilikuwa na kufuli ya mtu mwingine. Mama mmoja aliyekuwa anafua uani aliniambia yule mzee miguu ilimshinda, binti yake akaja kumchukua wakaenda Isiolo, mwaka ulikuwa umeshapita. Hakuacha namba wala anwani. Nilimuuliza kama aliacha ujumbe wowote kwa mtu. Yule mama alifikiri kweli, mikono ikidondosha povu, kisha akasema hapana, aliaga tu watu waliokuwapo.

Msichana wangu alinivuta sketi akauliza tumekuja kwa nani. Nikamwambia tumekuja kumwona nyanya yake. Alihesabu kwa vidole nyanya aliokuwa nao, wa Vihiga na mama wa baba yake, akasema hao wawili hawakai Thika.

"Huyu ni wa tatu," nikamwambia.

Akauliza yuko wapi. Nikasema amesafiri, nikamshika mkono, tukatoka ploti. Njia nzima, hata ndani ya matatu, alinisumbua nimweleze huyo nyanya alivyo, na nilimweleza yote niliyoweza, mahamri, buibui, kiganja chake tumboni mwangu wakati yeye mwenyewe, mwanangu, alikuwa bado hajulikani. Alisikiliza mpaka akalala begani mwangu, nami nikaendelea kusema.